TAHARIRI YA VIJANA: Pikapu yako inabeba vizuri, lakini je, inasimama?

Kama unaishi Kawangware, jiwe hilo umeshaliona. Pikapu kuukuu inaegeshwa kando ya Naivasha Road, karibu na steji ya 46. Dereva hajazima injini, na tayari tanboi ameruka chini na jiwe mkononi, akalisukuma nyuma ya tairi. Ndipo dereva anapoachilia kanyagio. Kibera ni vilevile. Tembea kutoka Olympic hadi Makina, au simama pale magari ya mizigo yanapongoja kazi karibu na soko la Toi, uhesabu pikapu zinazolala usiku kucha zikishikiliwa na jiwe, tofali au kipande cha mbao. Tumelizoea jiwe hilo hadi hakuna anayeuliza handbreki ilienda wapi.

Leo tunauliza. Na swali tunakuuliza wewe kijana uliyenunua pikapu kuukuu ama unayeweka doo pole pole ukitarajia kununua moja, kwa sababu wewe ndiye utakayeamua pesa za gereji ziende wapi.

Tusieleweke vibaya. Ukurasa huu haudharau gari kuukuu. Kuna pikapu mtaani zenye namba za KAB na KAG, na mfululizo wa KAA ulianza 1989, kwa hivyo baadhi ya magari haya yana umri kukuliko wewe unayeyaendesha. Kuna yenye namba za zamani zaidi, za kabla ya KAA. Utakuta Peugeot 504 zilizounganishwa Mombasa, Isuzu KB zilizounganishwa hapa Nairobi, Hilux ambazo rangi yake ya kwanza hakuna anayeikumbuka, na Datsun ndogo zinazopita mahali ambapo hata mkokoteni unakwama. Sheria ya kuagiza magari ya mtumba hairuhusu gari lililozidi miaka 8. Kwa hivyo pikapu nyingi za miaka 30 unazoziona Kabiria au Laini Saba hazikuletwa zikiwa wazee. Zimezeekea hapa, mikononi mwa mafundi wetu. Kila moja ni cheti cha kazi ya mtu fulani aliyelala chini yake juu ya katoni, mafuta yakimdondokea usoni.

Na magari hayo yanaandika mishahara ambayo haiko kwenye orodha ya mwajiri yeyote. Ni nani anayekuhamisha keja mwisho wa mwezi? Ni nani anayeleta maji mfereji ukikauka wiki mbili? Marobota ya mitumba yanafikaje Toi, na mawe, kokoto na mabati ya jirani anayejenga Satellite yanabebwa na nani? Kijana mwenye pikapu ya laki tatu anaweza kumlisha yeye mwenyewe, tanboi na fundi wake. Ukiongeza mama anayewauzia chai asubuhi, hao ni wanne. Kwa mtaa wetu, hiyo ni kampuni.

Tatizo letu ni moja, na linaanzia pale pikapu inapoingia gereji kwa mara ya kwanza baada ya kununuliwa.

Sikiliza mwenye gari mpya (yaani mpya kwake) anavyoagiza kazi. "Fundi, niongezee springi." "Fundi, nichomelee bomba za pembeni nibebe juu zaidi." "Fundi, nataka tairi kubwa." "Fundi, hiyo bodi ipigwe spray." Ni nadra sana kusikia mtu akisema, "Fundi, kabla ya hayo yote, fungua magurudumu manne tuone breki."

Chukua hesabu ya maji, kwa sababu ni rahisi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, bila kuhesabu plastiki yenyewe, wewe, na tanboi aliyekaa juu yake. Pikapu nyingi za kawaida zilitengenezwa kubeba kiasi hicho, na zile ndogo hazikufikia hata hapo. Sasa angalia mtaani: pikapu imebeba tangi la lita 1,000 na mitungi ya lita 20 imepangwa kuzunguka tangi kama vifaranga. Mitungi 25 ni nusu tani nyingine. Kwa saruji ni hivyo hivyo: mifuko 20 ya kilo 50 ni tani moja, na tumeona wanaopakia 35 na kusema gari halijalalamika.

Gari halilalamiki kwa sababu limeongezwa springi. Majani ya springi ni vile vyuma virefu vilivyopinda, vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, vikishikilia ekseli ya nyuma. Fundi akikuongezea mawili au matatu kila upande, pikapu inasimama wima hata ikiwa na mzigo wa kutisha. Kwa macho, gari limekuwa na nguvu. Mteja akiliona halijalala nyuma, anaamini. Polisi naye akilitazama kwa mbali haoni gari lililolemewa. Lakini breki ni zile zile lilizotoka nazo kiwandani, kama bado zipo. Chesisi ni ile ile, ambayo labda imeshachomelewa mara mbili. Tairi nazo ulizinunua zikiwa mtumba.

Hapa kuna jambo ambalo mafundi wazee wanalijua na vijana wengi hawajawahi kuambiwa. Chini ya Hilux nyingi za zamani, karibu na ekseli ya nyuma, kuna vali ndogo yenye fimbo ya chuma. Fimbo hiyo inapima bodi imeshuka kiasi gani. Gari likiwa tupu, bodi iko juu, na vali inapunguza nguvu ya breki za nyuma ili magurudumu mepesi yasifunge na kuteleza. Ukipakia mzigo, bodi inashuka, fimbo inasukumwa, na vali inaachilia nguvu zaidi iende nyuma kwa sababu sasa nyuma kuna uzito. Ni kifaa kisicho na kompyuta wala waya, na kinafanya kazi vizuri.

Sasa wewe umeongeza springi. Umepakia tani na nusu, na bodi haijashuka. Vali inasoma nini? Inasoma kwamba gari liko tupu. Kwa hivyo inabana breki za nyuma wakati ule ule ambao unazihitaji kuliko siku zote. Kazi yote inaangukia breki za mbele, zinapata moto, na kanyagio linaanza kuwa laini mguuni. Umelipa pesa zako mwenyewe, kwa fundi uliyemchagua mwenyewe, ili gari lako lisisimame.

Kuna fundi atakayekuambia vali hiyo ni ya kuitoa tu na kuunganisha mrija moja kwa moja. Ni kweli nyuma itapata nguvu. Halafu siku ya mvua, ukirudi tupu, tope la ujenzi limetapakaa barabarani, unagusa breki mbele ya bodaboda na mkia wa gari unakuja kusimama sambamba na wewe. Dawa ipo na si ghali: fimbo ile inaweza kurekebishwa ilingane na kimo kipya cha gari. Inahitaji fundi anayeijua, na mwenye gari atakayekubali kulipia saa moja ya kazi ambayo mteja wake hataiona.

Tairi kubwa nazo zina hadithi yao. Gurudumu likiwa kubwa, breki ile ile inalazimika kufanya kazi zaidi kulishika, na pikapu ikinyanyuka juu inakuwa nyepesi kulala kwenye kona. Ukitaka sura ya safari, sawa, lakini Gitanga Road si jangwa la Turkana.

Nina kisa changu. Miaka michache iliyopita nilihama kutoka Kawangware kwenda Kibera, upande wa Ayany. Nilikodi pikapu ambayo sitaitaja hata rangi. Vitu vyangu havikuwa vingi: kitanda, meko, magunia mawili ya nguo na vitabu, na kochi la kurithi. Tulipofika Dagoretti Corner niliona mguu wa dereva unafanya kazi kama wa fundi wa cherehani. Anakanyaga breki mara moja, mbili, tatu, ndipo gari linapunguza mwendo.

Nikamuuliza kama breki ziko sawa.

"Hiyo ni kawaida, bosi. Nikipampu inashika."

"Na siku isiposhika?"

Tanboi, aliyekuwa amebanwa kati yetu, ndiye aliyejibu. "Hiyo siku tunaomba Mungu na tunatafuta ukuta."

Tulicheka wote watatu. Mimi nilicheka kwa sababu nilikuwa ndani na sikuwa na la kufanya. Ayany tulifika salama, nikalipa, na tanboi akatia jiwe nyuma ya tairi kabla ya kushusha kochi.

Wiki kadhaa baadaye niliikuta pikapu hiyo hiyo kwa fundi, gurudumu la nyuma kushoto limetolewa. Fundi, mzee wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliniita nione. Mrija wa breki unaoelekea gurudumu hilo ulikuwa umegongwa kwa nyundo hadi ukawa bapa kama ulimi. Silinda ndogo ya gurudumu ilikuwa imeanza kuvuja, na badala ya kununua nyingine, mtu aliamua kuziba njia ili oili isiishe. Gari lilikuwa la breki tatu. Dereva alisema ilikuwa ya kufika tu nyumbani siku hiyo, na kwamba Ijumaa ingefuata atatengeneza. Fundi akamuuliza ni Ijumaa ya mwaka gani. Nilipopiga hesabu, nikaona kochi langu lilisafiri kwa breki tatu.

Ujanja wa aina hii mtaani una heshima yake, na mimi mwenyewe nauheshimu. Mtu aliyeishiwa na pesa katikati ya safari usiku, akiwa na mzigo wa watu, anafanya linalowezekana. Kosa ni pale dharura inapogeuka kuwa matengenezo. Wapo wanaoongeza maji mahali pa oili ya breki, na maji yakipata moto yanachemka, yanakuwa mvuke, na mvuke unaminyika. Kanyagio linafika chini na gari linaendelea na safari. Wengine wanatia oili ya injini, ambayo inavimbisha raba zote za ndani hadi breki zinajishika zenyewe au zinavuja kila mahali. Halafu wanashangaa fundi akiwaambia wanunue masta silinda, silinda za magurudumu na mipira yote. Oili yenyewe ya breki ingegharimu pungufu ya pesa za mafuta ya siku moja.

Kwa nini tunafanya hivi? Si kwa sababu sisi ni wajinga. Tunafanya hesabu, na hesabu inatudanganya. Ukiongeza springi, kesho utabeba mifuko 30 badala ya 20 na mteja atakulipa zaidi. Ukipiga rangi na kuandika jina la mtoto mbele ya kioo, watu watakuita. Redio yenye besi itamfanya tanboi asiondoke aende kwa mwingine. Lakini nenda ukabadilishe laini za breki, uchonge drami, uweke silinda mpya nyuma, halafu usimame Toi ukitangaza. Hakuna mteja atakayekuongezea hata shilingi 50. Breki haina mteja. Mteja analipia kubeba, wala hajui kwamba amelipia kusimama pia.

Ndiyo maana uamuzi huu hauwezi kuachiwa soko. Lazima mtu aufanye akijua halipwi.

Na watu wanaolipa gharama si wateja wa pikapu. Fikiria barabara zetu zilivyo. Kawangware, bidhaa zimefika ukingoni mwa lami: nyanya, viatu, sufuria, mama wa mahindi ya kuchoma, mtoto wake akifanya kazi ya shule juu ya kreti. Kibera, saa saba mchana, watoto wa shule wanapita katikati ya magari kwa sababu hakuna mahali pengine pa kupita. Pikapu ikikataa kusimama hapo, hakuna shamba la kuingilia. Unakumbuka Londiani. Juni 30, 2023, lori lilikosa udhibiti kwenye makutano yale, likawavamia wafanyabiashara na waliokuwa stejini, na zaidi ya watu 50 wakafa. Lori si pikapu, najua. Lakini mpangilio ni ule ule wa soko na steji na gari zito, na mtu akiuza bidhaa zake hatua mbili kutoka lami.

Sasa tuongee na mwenye gari ambaye haendeshi. Yuko, na mara nyingi ni mtu mzima mwenye kazi yake mjini. Amempa kijana pikapu na kumwambia, "Kila jioni niletee elfu mbili, mafuta ni juu yako." Hesabu ya matengenezo haimo. Kijana akimpigia kusema breki zinalia, anajibiwa kwamba zilitengenezwa juzi, au kwamba kama gari limemshinda wako wengine wanalitaka. Basi kijana anafunga mdomo na kutafuta jiwe. Mzee wetu, kwa heshima: gari ni lako na jina kwenye logbook ni lako. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari likiwa barabarani liwe katika hali isiyohatarisha wengine, na ukaguzi wa kila mwaka kwa magari ya biashara uliwekwa kwa ajili hiyo. Wapo wanaotafuta stika huku gari limelala nyumbani. Stika ya namna hiyo inamridhisha polisi tu. Mteremko hausomi stika.

Nawe dereva, kama mkataba wako na mwenye gari ni wa mdomo, uandike hata kwenye WhatsApp. Kila wiki, siku moja hesabu isiende kwake, iende chini ya gari. Mwenye gari akikataa hilo kwa maandishi, weka hayo maandishi. Siku ya siku utaulizwa.

Kuna jambo jingine kuhusu karatasi, fupi. Ukibadilisha injini, kwa mfano ukatoa ya petroli ukaweka ya dizeli kama wengi wanavyofanya ili kupunguza gharama ya mafuta, peleka mabadiliko hayo NTSA yaandikwe kwenye rekodi ya gari. Ukibadilisha bodi au rangi, vivyo hivyo. Tumeona vijana wakilala seli kwa sababu namba ya injini haifanani na logbook, na injini waliinunua kihalali lakini hawakuchukua risiti. Chukua risiti. Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, utauziwa kila kitu, cha kweli na cha bandia, na mwenye duka asiyetaka kukuandikia risiti ya pedi za breki amekwishakuambia pedi hizo ni za aina gani.

Baadhi yenu mtanikumbusha ile video ya Hilux. Naijua. Mwaka 2003 kipindi cha Top Gear cha Uingereza kilichukua Hilux ya dizeli ya 1988, kikaizamisha baharini, kikaichoma moto, kikaiweka juu ya jengo la ghorofa lililobomolewa, na bado fundi akaiwasha kwa vifaa vya kawaida. Kijana wa Kawangware akitazama hiyo anasema, "Si unaona? Hizi gari hazifi." Ni kweli, hazifi. Injini iliwaka. Lakini hiyo Hilux haikupewa tangi la maji ipite mbele ya shule ya msingi saa saba mchana.

Tuje kwa mafundi, kwa sababu hapo ndipo tunahitaji kuwatetea. Fundi wetu anajua vali ya fimbo, anajua sauti ya beringi iliyoanza kufa, na atakuambia drami imeliwa kwa kuipapasa kidole. Lakini anafanya kazi juu ya udongo, ukingoni mwa barabara, mahali ambapo kanjo wanaweza kumfurusha Jumatatu. Breki ni kazi ya usafi. Chembe ya mchanga ndani ya silinda inakata raba, na wiki mbili baadaye inavuja. Unamlaumu fundi, na pengine kosa ni la sakafu. Nchi hii imezungumza kuhusu jua kali tangu zamani. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya 1972 kuhusu Kenya iliiambia dunia kwamba kazi za aina hii ni uchumi halisi, na Serikali ikatoa sera yake kuhusu biashara ndogo na jua kali mwaka 1992. Miaka zaidi ya 30 baadaye, fundi wa Kibera bado hana sakafu ya saruji. Barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata ilipopitishwa Kibera mwaka 2018, mabomoa yalibeba makazi, shule na vibanda vya kazi. Hatukatai barabara. Tunasema kaunti inayoweza kupima barabara inaweza pia kupima eneo dogo lenye saruji, shimo la kuingilia chini ya gari, maji na taa, mafundi wakalipa ada ya siku kama wanavyolipa wafanyabiashara sokoni.

Na wewe kijana unayejifunza kwa fundi, ukishika spana mwaka wa tatu sasa bila karatasi: nenda NITA ukafanye mtihani wa ufundi wa magari. Unaanza na Gredi ya III, kisha II, kisha I. Hawakuulizi ulipata gredi gani KCSE kwanza. Wanataka kuona mikono yako ikifanya kazi. Fundi mwenye cheti ana kitu ambacho hana fundi mwingine: anaweza kumwambia mwenye gari, "Hii siifanyi," na akabaki na kazi. Tunawahitaji mafundi wanaoweza kukataa kugonga mrija kwa nyundo.

Tuseme sasa umepata shilingi 30,000 za kutengeneza pikapu uliyonunua. Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Siku ya kwanza gari lisiende kazini. Magurudumu manne yatolewe, wewe ukiwa hapo umechuchumaa, si kwenye simu. Uone laini na pedi zimebaki unene gani, silinda zina unyevu au ni kavu, mipira ya breki imepasuka au bado. Oili ya breki yote imwagwe, iwekwe mpya ya kopo lililofungwa, na hewa itolewe gurudumu moja baada ya jingine hadi kanyagio liwe gumu kwa kukanyaga mara moja. Waya wa handbreki ufunguliwe. Mara nyingi haujakatika, umeshikwa na kutu tu. Kisha stelingi: bol jointi na tai rodi. Kisha tairi. Kama kuna pesa zimebaki, ongeza springi kama ni lazima, na umwambie fundi arekebishe ile fimbo. Rangi itangoja. Nunua daftari la shilingi 30, uandike tarehe na kilichofanywa, kwa sababu pikapu yenye daftari unaweza kuiuza kwa mtu mwenye akili.

Soma pia yale maandishi madogo mlangoni, kama hayajafunikwa na spray. Mara nyingi yanataja uzito wa gari likiwa tupu na mzigo unaoruhusiwa. Mteja akikuambia "ongeza tu mifuko 10, ni hapo karibu", muonyeshe mlango. Utapoteza kazi kadhaa, hilo siwezi kukuficha. Kwa wengine mwambie bei ya safari mbili. Baadhi watalipa, hasa wale ambao vitu vyao vinavunjika.

Na leo jioni, kabla hujafunga kazi, tafuta mteremko mdogo ambao hauna watu mbele yako. Gari likiwa tupu, vuta handbreki, toa gia, uondoe mguu kwenye kanyagio. Mwambie tanboi asimame kando, jiwe aliache lilipo. Hesabu hadi 30. Kama pikapu imeanza kuteremka, rudisha mguu, uende ukampigie fundi simu usiku huu, umwambie kesho hamtapakia.